Ndara za Mlangoni

Jini langu la kwanza lilikuwa na kwato.
Nililipa na pembe, nikalipa ulimi wa moto,
na ukurasa wa tatu nikaumwagia mochari nzima,
damu mpaka kwenye dari.
Nikamsomea wifi yangu Thuweiba,
usiku wa mwezi wa saba, Mabela, ghorofa ya pili,
kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo
na joto la nje limeegemea dirisha.

Alikuwa akitafuna kaukau.
"Enhe," akasema. "Halafu?"

Halafu!
Neno hilo lilinikata kuliko mapanga yangu yote.
Mtu aliyeogopa haulizi halafu.
Aliyeogopa anasema basi.

"Kwato nimezizoea," akasema, "kila Idi tunachinja mbuzi.
Nikwambie kilichonitisha mimi?"
Akafuta chumvi ya vidole kwenye kanga.
"Tulikuwa Ibra, mwaka wa kwanza tangu tutoke Unguja.
Nina miaka tisa, Kiarabu changu cha kuokoteza.
Baba yuko Ruwi kazini, harudi mpaka Alhamisi,
na siku ile ni Jumatatu.
Mchana, saa ile ambayo hata nzi wamelala,
mama kajinyoosha ndani,
mimi nachagua mchele.
Mtu akapiga hodi.
Hodi ya Kiswahili, shoga. Mtaa ule, nani wa kuijua?
Nikasema, karibu.
Mdomo ulijibu wenyewe, ndivyo nilivyolelewa.
Akakohoa.
Kikohozi cha baba, kile kifupi,
cha mwanamume anayewapa wanawake nafasi ya kujitanda.
Nikajitanda."

Akanyamaza. Ndooni: to. To.

"Alikuwa nani?"

"Sijui. Hakuingia.
Au mimi sikumwona akiingia.
Mama alipoamka aliniuliza
mbona nimetandika mkeka
na kutoa vikombe vitatu vya kahawa."

Akarudi kwenye kaukau zake.
Mimi niliomba alale kwangu,
nikasingizia teksi, nikasingizia usiku mwingi.

Tangu hapo nazigeuzageuza zile silabi tatu.
Hofu haikuwa katika hodi,
wala katika kile kikohozi.
Ilikuwa katika karibu:
mtoto mwenye adabu, ungo mapajani,
kafungua mlango bila kuugusa.
Na mimi nilikuwa nikimletea msomaji jini zima,
limepimwa, limefungwa, na risiti juu,
akaligeuza kama mnunuzi wa ubani Matrahi
anayeinusa tembe, anairudisha, anakwenda zake.
Sikumwachia hata neno moja la kujibu.

Nimechana. Kwato zilitangulia.
Mochari iliniuma, ilinichukua wiki mbili,
nayo ikaenda.
Kimebaki kikohozi,
na hicho si changu, ni cha marehemu mzee wa watu,
nimekiomba kwa Thuweiba, kanipa kwa sharti
nisilitaje jina la baba yake.

Usiku huu naandika upya.
Mwanamke, nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili.
Mumewe yuko zamu bandarini Suhari mpaka alfajiri,
kama Azzan wangu; sikuwa na nguvu ya kubuni mwingine.
Mtoto kalala.
Kiyoyozi kimezimika dakika hii,
na ukimya wake ndio ulionijulisha
kwamba muda wote kilikuwa kikiguruma.
Ndoo bado inapokea. To.

Nimeandika: Mlangoni kulikuwa na ndara, jozi
kisha nikaacha nafasi ya namba.
Nataka niandike la kweli,
niinuke, nikazihesabu zetu.
Yangu moja, ya mtoto moja.
Si mbali, ni hatua sita, taa ya ukumbini inawaka.

Bado nimekaa.